Uzi: Utafiti wa kihistoria na uchambuzi wa maudhui, ni lazima nichague kimoja?

#1 Mwanachuo wa Namtumbo
Wakuu habari za jioni. Nasoma shahada ya uzamili, niko hatua ya andiko la utafiti. Nataka kuchunguza jinsi Vita vya Maji Maji vilivyokumbukwa, au kuachwa visikumbukwe, kwenye magazeti ya Kiswahili ya Tanganyika wakati wa Mwingereza. Naanza na Mambo Leo, lile lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu mwaka 1923. Kipindi changu ni 1923 hadi 1938.

Kwenye sura ya mbinu niliandika nitatumia utafiti wa kihistoria pamoja na uchambuzi wa maudhui. Msimamizi kanirudishia, kazungushia kalamu nyekundu: "Chagua kimoja." Mwenzangu darasani anasema uchambuzi wa maudhui ni mambo ya watu wa uandishi wa habari, mwanahistoria hana shida nao. Je, ni njia mbili kweli, au moja ni tawi la nyingine?

Na la pili ndilo linaninyima usingizi. Tuseme nimepitia matoleo yote nikakuta Maji Maji karibu haitajwi kabisa. Kimya nacho nakiandikaje kwenye matokeo?

#2 Kijana wa Gerezani
Naweka kambi hapa. Ngoja waje wenyewe.

#3 Mzee wa Makabrasha
Mwanangu, karibu. Nimefanya kazi na karatasi za zamani maisha yangu yote, nikueleze ninavyoliona.

Utafiti wa kihistoria unaanza na swali kuhusu jambo lililopita, halafu unatafuta vyanzo vilivyobaki. Kazi yenyewe ni kuvihoji. Kwanza unahakiki kwa nje: hii karatasi ni ya kweli? Nani kaiandika, wapi, lini, nakala ya ngapi? Kisha unahakiki kwa ndani: aliyeandika alijuaje? Alikuwepo? Alikuwa anamwogopa nani? Lorenzo Valla mwaka 1440 aliichukua hati iliyodaiwa kuwa ya Mfalme Konstantino ya kumpa Papa madaraka, akaonyesha kwamba Kilatini chake si cha wakati huo. Mwaka 1983 gazeti la Stern la Ujerumani lilitangaza shajara za Hitler, maabara ikapima karatasi na wino ikakuta ni vya baada ya vita. Walioanza na maudhui wakaruka uhakiki wa nje waliaibika.

Kwa Mambo Leo maana yake ni hii: kabla hujahesabu barua hata moja, jua nani alikuwa anachagua barua ipi itoke. Gazeti lilikuwa la serikali. Ukihesabu kilichochapishwa umehesabu uamuzi wa mhariri. Mawazo ya wasomaji hujayagusa bado.

Kwa hiyo mimi nasema uchambuzi wa maudhui ni chombo kimoja ndani ya sanduku la mwanahistoria. Utafiti wako ni wa kihistoria. Mwandikie msimamizi hivyo.

#4 Msimbaji
Mzee heshima yako, ila hapo mwisho umeufanya uchambuzi wa maudhui kuwa kijakazi na sikubali.

Uchambuzi wa maudhui una masharti yake. Bernard Berelson mwaka 1952 aliueleza kuwa ni njia ya kuyaeleza maudhui yaliyo wazi kwa utaratibu, bila upendeleo, na kwa idadi. Unaamua kizio cha uchambuzi (neno, aya, barua nzima, shairi zima?), unatunga kategoria, unaandika kitabu cha misimbo (kanuni za kuipa kila matini alama ya kategoria yake, yaani msimbo), unachukua sampuli, unawapa watu wawili wasimbe, yaani waweke alama hizo, kila mmoja peke yake, kisha unapima wamekubaliana kiasi gani. Mwanahistoria wa kawaida hafanyi hayo. Anasoma, anapata nukuu tamu inayobeba hoja yake, anaiweka. Nukuu tisa zinazompinga hatuzioni.

Kwa sampuli ya gazeti nakushauri wiki ya kuunda: Jumatatu moja ya nasibu, Jumanne moja ya nasibu, mpaka Jumapili. Inazuia sampuli yako kuelemea siku za gulio au za michezo.

#5 Dada wa Maktaba
Msimbaji, Mambo Leo lilikuwa la MWEZI. Jumatatu na Jumanne za nini? Wiki ya kuunda ni ya magazeti ya kila siku.

Namtumbo, piga hesabu: 1923 hadi 1938 ni miaka 16, mara 12 ni matoleo 192 kama hakuna lililokosa. Hayo mtu mmoja anayasoma yote. Usichukue sampuli pale unapoweza kuchukua vyote, hasa ukitafuta kitu adimu. Kitu adimu ndicho cha kwanza kupotea kwenye sampuli.

Na usitegemee kutafuta kwa kompyuta peke yake. Karatasi zimechakaa, programu inasoma "Maji" kama "Moji". Halafu aliyeandika mwaka 1925 hakulazimika kusema "Maji Maji". Anaweza kusema vita vya mwaka ule, njaa ile, wakati wa Mdachi. Ukitafuta jina tu, kimya chako kitakuwa umekitengeneza mwenyewe.

#6 Msimbaji
Sawa dada, kwa la mwezi chukua yote. Wiki ya kuunda ataihitaji akifika kwenye magazeti ya kila siku ya miaka ya 1950.

#7 Mjukuu wa Nduna
Nawasalimu kutoka Songea. Mmeanza na karatasi wote. Sisi huku karatasi ni ya mwisho.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wazee wetu hapa mjini, wakazikwa kaburi moja. Nduna (kiongozi wa Wangoni) Songea Mbano ana kaburi lake peke yake. Kila Februari tunakumbuka. Hata kama gazeti la Dar es Salaam lilinyamaza miaka 16, jikoni kwa bibi yangu hakukuwa na kimya. Alikuwa anasema "mwaka wa kula mizizi", na kila mtoto alijua ni mwaka gani.

Ukisoma magazeti tu utaandika kwamba watu walisahau. Nenda kawaulize watu.

#8 Mzee wa Makabrasha
Mjukuu, umenena. Na ilishafanyika. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi makwao kuwahoji wazee kuhusu Maji Maji. John Iliffe na Gilbert Gwassa ndio walioiongoza kazi hiyo. Mengi ya Kinjikitile, mganga aliyewapa watu maji ya kinga, ya Ngarambe alikokaa, ya pamba iliyong'olewa Nandete kwa Wamatumbi, yalipata nguvu kutoka kwa wazee wale. Kabla ya hapo tulikuwa na ripoti za Wajerumani na kitabu cha Gavana von Götzen aliyejitetea.

#9 Mwalimu Mstaafu
Marekebisho kidogo. 1968 kilikuwa bado Chuo Kikuu Kishiriki, sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kimesimama peke yake 1970. Si dogo hilo, kwa sababu mwanafunzi akiandika jina lisilo la wakati ule kwenye tasnifu yake, mtahini wa nje atalikamata.

Nami nilipata bahati ya kufundishwa na mmoja wa waliokwenda kuhoji. Alituambia jambo moja: mzee alikuwa anatazama kwanza mwanafunzi ni mtoto wa nani, ndipo anaamua aseme lipi. Mtoto wa ukoo uliokuwa upande wa Mjerumani hakuambiwa sawa na mtoto wa ukoo uliopigana.

#10 Dokta wa Kijiweni
Sasa hapo ndipo pa kuchimba. Fanyeni hesabu. Vita 1905, mahojiano 1968, ni miaka 63. Aliyekuwa na miaka 15 wakati wa vita alikuwa na 78. Wengi waliohojiwa ama walikuwa watoto ama walisikia kwa baba zao. Na walihojiwa mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, nchi nzima inasema umoja. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipohutubia Umoja wa Mataifa Desemba 1956 aliitaja Maji Maji. Idara ilikuwa na Terence Ranger, aliyekuwa anaunganisha upinzani wa mwanzo na vyama vya uhuru. Kwa hali hiyo, mwanafunzi akienda kijijini na orodha ya maswali kuhusu umoja, atarudi na majibu kuhusu umoja.

Ndiyo maana baadaye akina Thaddeus Sunseri wakauliza upya. Yeye kwa Uzaramo aliweka mbele njaa, nguruwe pori walioharibu mashamba, na mzigo uliowaangukia wanawake. Hapo kitovu si maji ya Kinjikitile. Mwenye ripoti ya Mjerumani anaona uchawi, wa 1968 anaona taifa, wa baadaye anaona shamba na tumbo. Vita vilevile.

#11 Mjukuu wa Nduna
Dokta usiwafanye wazee kama kasuku. Walijua walichokiona. Kijijini kwetu mtu hakuhitaji TANU kumwambia nani alichoma ghala la babu yake.

#12 Dokta wa Kijiweni
Sijasema walidanganya. Nasema kila chanzo kina mwaka wake wa kuzaliwa, na mahojiano yamezaliwa mwaka yaliyofanyika.

#13 Bint Kilwa
Niongeze kisa cha kwetu maana kinafundisha. Habari za kale za Kilwa zimekuja kwa njia mbili: maandishi ya Kiarabu ambayo nakala yake ya karne ya 19 iko Maktaba ya Uingereza, na maelezo ya Mreno João de Barros yaliyochapishwa 1552. Zinasimulia masultani wale wale lakini majina na mpangilio vinapishana. Ukifanya uchambuzi wa maudhui ukahesabu kila sultani katajwa mara ngapi, utapata jedwali zuri sana, na hutajua Ali bin al-Hasan aliishi lini.

Neville Chittick alichimba Kilwa akamweka sultani huyo karibu na mwaka 1200. Halafu 1984 Mtambwe Mkuu, Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu. Sarafu zenye jina lake zilikuwa pamoja na dinari za dhahabu za karne ya 11. Tarehe ikarudi nyuma zaidi ya miaka mia. Kilichoamua ni udongo na fedha. Maandishi yenyewe yasingejitatua.

Kwa hiyo mimi niko na Mzee: kuhesabu maneno peke yake hakufiki.

#14 Msimbaji
Bint Kilwa, mfano mzuri ila si wa swali hili. Uchambuzi wa maudhui haujawahi kudai kusema sultani aliishi lini. Unasema matini yanasema nini, mara ngapi, na kwa mkazo gani.

Na msiuone mdogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wachambuzi wa Marekani walikuwa wanasikiliza propaganda za Wanazi kila siku na kukisia kutoka humo serikali ile inapanga nini. Baada ya vita Alexander George alichukua makisio yao akayalinganisha na nyaraka za Wajerumani zilizotekwa, kitabu chake kikatoka 1959. Makisio mengi yalisimama. Hapo uchambuzi wa maudhui ulitangulia, nyaraka zikaja kuwa shahidi. Nani kijakazi?

#15 Mzee wa Makabrasha
Umejibu mwenyewe. Tungejuaje makisio yalisimama bila nyaraka?

#16 Msimbaji
Na nyaraka zingekuwa na nini cha kuthibitisha bila makisio?

#17 Kijana wa Gerezani
Wazee wanarushiana ngumi za shahada huku. Naongeza chai.

#18 Dada wa Maktaba
Msimbaji, huyo George unayemtaja ndiye anakuvunja. Kwenye kitabu hicho hicho alitetea kwamba mara nyingi kutaja jambo MARA MOJA, au kuacha kulitaja, ndiko kunakoonyesha nia, kuliko kulitaja mara mia. Na Siegfried Kracauer alishambulia kuhesabu mapema tu, miaka ileile ya Berelson. Kwa hiyo hata ndani ya nyumba yenu hamjakubaliana.

Turudi kwa Namtumbo na kimya chake. Mimi naona sababu zinazowezekana ni nyingi na hazilingani:

Mhariri alikuwa serikali, hakutaka watu wakumbushwe kwamba serikali ilishawahi kupigwa. Lakini subiri, aliyepigwa vita alikuwa Mjerumani! Mwingereza angependa ukatili wa Mjerumani utangazwe, ulimsaidia kuhalalisha kukaa kwake. Kwa hiyo kimya cha mhariri si jambo la kudhania tu, kitafutiwe ushahidi.

Au wasomaji ndio sababu. Walioandika barua ni walimu, makarani, watu wa mission. Kusini kuliumia zaidi, huenda kulikuwa na wasomaji wachache.

Au hofu. Au aibu, maana kuna waliopigana upande wa Mjerumani na watoto wao ndio waliosoma.

#19 Mwalimu Mstaafu
Au hakuna kimya, kipo mahali pengine. Asiishie kwenye barua. Aangalie mashairi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi mzima kuhusu vita hivi, ukachapishwa Ujerumani 1933, tena 1957. Watu wetu jambo zito hawaliandiki kwa nathari, wanalitunga. Kategoria zako zikiwa za barua na makala tu, mashairi utayaweka kwenye "burudani" na hapo umekwisha.

Na liongeze Kwetu, gazeti la Erica Fiah lililoanza 1937. Lile halikuwa la serikali. Mtanganyika yule alisema mambo Mambo Leo lisingeyathubutu.

#20 Mganda wa Tanga
Mwalimu, Fiah alikuwa Mganda, alihamia Dar es Salaam. Msituibie mtu wetu 😀

#21 Mwalimu Mstaafu
Asili yake Uganda, gazeti lake la Dar es Salaam. Tugawane. Lakini kwa miaka ya Namtumbo atapata mwaka mmoja na ushee tu wa Kwetu, kwa hiyo au aongeze kipindi hadi 1945 au aliache.

#22 Mwanachuo wa Namtumbo
Asanteni sana wote, nasoma kila neno. Nimejaribu kutunga kategoria: (1) utawala, (2) kilimo, (3) vita na kumbukumbu, (4) dini, (5) mengineyo. Rafiki yangu anasaidia kusimba. Tatizo: barua inayomsifu bwana shauri kwa kugawa mbegu za pamba, mimi naiweka kilimo, yeye utawala. Tunagombana. Ila kwa jumla tunakubaliana zaidi ya asilimia 90, si inatosha?

#23 Msimbaji
Haitoshi, na hapa nikueleze taratibu.

Chukua mfano wa barua 100, na swali moja: inataja kumbukumbu ya vita, ndiyo au hapana. Tuseme nyote wawili mmesema ndiyo kwa barua 2. Wewe peke yako umesema ndiyo kwa 4, mwenzako peke yake kwa 4 nyingine. 90 zilizobaki wote hapana. Mmekubaliana 92 kwa 100. Inapendeza. Lakini kila mmoja kasema hapana mara 94, kwa hiyo hata mngesimba huku mmefumba macho, bahati ingewapa makubaliano ya karibu 89. Ndicho kipimo cha kappa cha Jacob Cohen cha 1960 kinachokipunguza: 92 toa 88.72, gawanya kwa 100 toa 88.72, unapata kama 0.29. Hafifu kabisa. Barua zinazobeba utafiti wako wote ni zile 10, na katika hizo mmekubaliana kwenye 2.

Kitu adimu ndicho kinachofichwa na asilimia kubwa. Rudini kwenye kitabu cha misimbo, andikeni kanuni: barua inayogusa utawala na kilimo inaingia wapi, kwa mfano gani. Au ruhusuni barua moja kubeba misimbo miwili. Kisha simbeni upya sehemu mpya, msirudie ile mliyogombania.

#24 Mjukuu wa Nduna
Hii namba 23 nimeielewa bila kusoma takwimu. Heko.

Ila swali: pamba ya mwaka 1925 kwa mtu wa Matumbi ni kilimo kweli? Vita vilianza kwa kung'oa pamba ya Mjerumani. Mtu wa Kilwa akiandika barua kulalamikia pamba ya kulazimishwa, huyo si anakumbuka vita bila kuvitaja? Mnamweka kapu gani?

#25 Dokta wa Kijiweni
Hilo swali ndilo thamani ya uzi mzima. Na kitabu cha misimbo hakilijibu. Lazima ujue Matumbi ilipitia nini kabla hujasimba.

#26 Msimbaji
Linajibika. Unaweka msimbo wa "pamba ya kulazimishwa", unaweka msimbo wa mahali barua ilikotoka, kisha unalinganisha: barua za Kilwa, Lindi na Songea zinalalamikia pamba kuliko za Mwanza na Bukoba? Mwanza nako pamba ililimwa sana na Maji Maji haikufika. Tofauti ikionekana, una kitu. Isipoonekana, Mjukuu anasikia mwangwi usiokuwepo kwenye barua.

#27 Mjukuu wa Nduna
Au watu wa kwetu walijua barua za namna hiyo hazitatoka, wakaacha kuandika. Jedwali lako litasema hakuna tofauti.

#28 Mtu wa Nyaraka
Nimechelewa. Namtumbo, kuna mlango mmoja wa kutoka hapo. Tafuta barua zilizoandikiwa ofisi badala ya gazeti: malalamiko kwa wakuu wa wilaya, vitabu vya wilaya, mafaili ya mikoa ya Kusini. Yapo Nyaraka za Taifa, Upanga. Kwa wakati wa Mjerumani kuna mfululizo wa G hapo hapo Dar, na Berlin kuna R 1001 za Ofisi ya Makoloni, mengi yanasomeka mtandaoni. Chukua kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) mapema, usisubiri mwezi wa mwisho. Na mwandiko wa zamani wa Kijerumani unataka mazoezi, anza na barua zilizopigwa chapa.

Ukisimba malalamiko ya ofisini kwa kitabu kile kile cha misimbo ulichotumia gazetini, utaona kilichosemwa ofisini na kikakosa nafasi gazetini. Hapo msimamizi wako hana tena cha kuchagua.

#29 Mwanachuo wa Namtumbo
Mtu wa Nyaraka Mungu akubariki. Hili naliandika leo. Bado sijui jina la njia yangu ni lipi lakini najua nitaanza wapi: mafaili ya Kilwa na Lindi 1923 hadi 1938.

#30 Mzee wa Makabrasha
Jina lake ni utafiti wa kihistoria.

#31 Msimbaji
Mzee, kitabu kimoja cha misimbo, vyanzo viwili, wasimbaji wawili, kappa. Hiyo ni uchambuzi wa maudhui uliovaa kanzu ya historia.

#32 Mzee wa Makabrasha
Basi nipe jibu la hili: faili la wilaya nalo lina karani aliyechagua kipi akihifadhi na kipi akichome. Kappa itamwonaje huyo karani?

#33 Dada wa Maktaba
Rejista za barua zilizoingia, Mzee. Zile zinazoandika tarehe, mtumaji na mada kwa mstari mmoja. Mahali zilipobaki unaweza kulinganisha kilichoingia na kilichomo kwenye faili. Namtumbo, uliza rejista kwanza kabla ya mafaili, na uandike kila namba unayoikosa.

#34 Mganda wa Tanga
Na karani aliyejaza rejista je?